Joto la chumba au joto la mwili? Kutafuta chanzo kabla ya kununua feni au dawa

Malalamiko yanayoletwa na joto au baridi nyumbani hufanana mno. Kichwa kinauma, mtu amelegea, mtoto halali, tumbo linavuruga. Chanzo chaweza kuwa bati, malaria, jiko la mkaa au friji isiyofunga vizuri, na tiba ya kimoja haisaidii kingine. Kwa hiyo anza na maswali matatu: nani anaumwa, saa ngapi, na akiwa chumba gani. Anapoumwa mmoja tu, chunguza mwili wake kwanza. Wakiumwa wote waliolala chumba kimoja, chunguza hewa ya chumba. Wakiumwa wote waliokula sufuria moja, jibu liko jikoni.

Vifaa vya kuanzia ni viwili. Kipimajoto cha kidijitali cha kwapani, kile cha duka la dawa, na kipimajoto cha ukutani. Cha ukutani kitundike usawa wa kifua, ukuta usiopigwa na jua, mbali na jiko. Soma saa tisa alasiri, saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri kwa siku tatu mfululizo. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba kisizidi nyuzi 32 za Selsiasi mchana na 24 usiku, na wakati wa baridi kisishuke chini ya 18. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi Februari hiyo 24 haipatikani bila kiyoyozi, kwa sababu nje penyewe usiku ni kama 25 au zaidi. Huko lenga chumba kisiwe na joto kuliko nje kwa zaidi ya nyuzi 1 au 2. Ukikuta tofauti ni 4 au 5, nyumba yenyewe ndiyo inakupika.

Chumba hakipoi hata saa sita usiku

Saa mbili usiku, jua likiwa limeshazama, panda kiti na uweke kiganja kwenye dari. Kisha shika ukuta wa magharibi, halafu wa ndani.

Dari ikiwa na joto kuliko ukuta, tatizo ni paa. Bati lililopigwa na jua la mchana huweza kupita nyuzi 60, na joto lile hushuka kutoka darini kwa mng'aro, kama joto la kaa la moto, hata kama hewa ya chumba haijachemka. Nyumba nyingi zimewekwa dari ya jipsam au ya mbao bila tundu lolote la kutolea hewa kati ya dari na bati, kwa hiyo hewa moto hukaa pale juu mpaka usiku wa manane. Toboa matundu chini ya ukingo wa paa, pande mbili zinazotazamana, uyazibe kwa wavu ili popo na panya wasiingie. Kama fundi anaweza kuacha upenyo chini ya kofia ya paa bila kuruhusu mvua, afadhali zaidi, kwa sababu hewa moto hupanda na itatokea huko. Hii ndiyo kazi ya bei ndogo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kila mara kwa sababu haionekani.

Hatua ya pili ni rangi nyeupe juu ya bati. Bati lenye kutu hunywa joto zaidi kuliko jipya linalong'aa, na jeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua. Osha vumbi, sugua kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya awali ya chuma, kisha rangi ya paa. Rangi ya ukutani hubanduka msimu wa kwanza wa masika. Kama mnakinga maji ya mvua kutoka paa hilo, sema hivyo dukani, upewe rangi isiyo na madini ya risasi, na mvua za mwanzo baada ya kupaka ziache zimwagike.

Ukuta wa magharibi ukiwa ndio wenye joto, tofali za saruji zimehifadhi jua la alasiri na sasa zinalitoa polepole. Kwetu karibu na ikweta, kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazoumia. Kivuli kiwekwe nje: mkeka, chandarua cha kivuli cha bustani, au mpapai, ambao hukua haraka. Pazia la ndani husaidia kidogo tu, maana jua likishapita kioo joto limeshaingia.

Dari na kuta vikiwa vya kawaida na bado unahema, hewa haipiti. Dirisha moja halitoshi, hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Pwani, kuanzia Desemba hadi Machi upepo ni wa kaskazi, hivyo dirisha la kaskazini au mashariki ndilo la kuingizia, na la upande wa pili au mlango wa uani ndio wa kutolea. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, geuza mpango. Kama kuna kabati limesimama mbele ya dirisha, ushajua. Bara kwenye joto kavu, kama Dodoma, funga madirisha saa za mchana ambapo nje kuna joto kuliko ndani, ufungue jioni. Pwani tofauti hiyo ni ndogo, acha wazi upepo upite.

Feni inazunguka lakini haisaidii

Feni haipozi hewa. Inapeperusha jasho, na jasho likikauka ndipo mwili unapoa. Ndiyo maana kuiacha ikiwaka kwenye chumba kisicho na mtu ni kuchoma umeme bure.

Pangaboi (feni ya dari) likizunguka kwa uvivu, tazama ni saa ngapi. Likilegea kuanzia saa moja hadi saa nne usiku tu, na taa nazo zimefifia, umeme wa mtaa umeshuka. Feni haina kosa. Likiwa vivu saa zote, zima na usukume panga kwa mkono. Likigoma kuzunguka kwa wepesi, beringi zimekwisha au zimejaa vumbi. Likizunguka vizuri kwa mkono lakini likiwashwa linanguruma tu bila kuondoka, au linaondoka ukilisaidia kwa kijiti, kapasita (kidude kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) imechoka. Soma namba kwenye ile ya zamani (nyingi za pangaboi ni mikrofaradi 2.5) na ununue ya namba hiyohiyo. Anayebadilisha azime swichi kuu, si ya ukutani tu, na asiguse ncha za kapasita ya zamani kabla hazijaunganishwa kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki, kwani hubaki na umeme ndani.

Likienda kasi lakini huhisi upepo, huenda linavuta juu. Mapangaboi mengi yana kiswichi kidogo kwenye mwili wa mota kinachogeuza mzunguko. Futa na vumbi la kwenye mapanga, utando mnene kwenye ukingo wa mbele hupunguza upepo sana.

Ile mbinu ya kutundika kanga mbichi mbele ya feni ni nzuri Dodoma au Lodwar, hewa ikiwa kavu. Tanga mwezi wa pili inakuongezea unyevu tu, na jasho linazidi kukataa kukauka. Pwani ni bora kulowesha ngozi yenyewe: futa mwili kwa kitambaa chenye maji, usijikaushe, kaa mbele ya feni.

Halafu kuna neti. Watu wengi huiacha msimu wa joto kwa sababu inazuia upepo, na wiki mbili baadaye nyumba nzima iko foleni ya kupima malaria. Weka feni ya kusimama usawa wa godoro, kama mita moja kutoka kwenye neti, ipulize kwa urefu wa kitanda. Tundika neti ikiwa imetanuka pembe nne, isigusane na mwili, maana iliyolegea hugawanya upepo na pia humpa mbu nafasi ya kuuma kupitia matundu.

Chumba kikifika nyuzi 40, feni haifai tena. Hewa iliyo na joto kuliko mwili inaupasha mwili. Kwa mzee hatari huanza chini ya hapo, hivyo mtoe kwenye chumba hicho, umpeleke chini ya mwembe au kwenye nyumba yenye hewa.

Mtoto ana joto

Kiganja cha mama kinajua kwamba kuna joto, lakini hakijui ni kiasi gani. Vua nguo za mtoto, bakisha nepi, mpeleke sehemu yenye hewa, subiri dakika 20, kisha pima kwapani huku umebana mkono wake mpaka kipimajoto kilie. Ikishuka chini ya 37.5, ilikuwa nguo au chumba. Ikibaki 37.5 au zaidi, hiyo ni homa, na homa haitokani na jua la jana. Nenda mkapime malaria siku hiyohiyo, hata kama bati la nyumba linachemka.

Umri hubadilisha kila kitu. Chini ya miezi miwili, 37.5 na kuendelea, au chini ya 35.5, ni hospitali bila kusubiri na bila kujaribu dawa nyumbani. Vivyo hivyo mtoto wa umri wowote anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayedegedega au asiyeamka vizuri.

Kosa tunaloliona sana pwani ni la mtoto mchanga kufungwa shuka mbili, kofia ya sufu na soksi katika chumba cha nyuzi 31, kisha anapochemka anadhaniwa anaumwa. Katika chumba cha namna hiyo nepi na shuka moja nyepesi ya pamba vinatosha. Pima kwa kugusa tumbo au shingo kwa nyuma. Viganja na nyayo za mtoto mchanga hudanganya.

Vipele vidogo vyekundu shingoni, mgongoni na kwenye mikunjo, bila homa, ni harara. Matundu ya jasho yameziba. Muogeshe maji ya baridi kidogo bila sabuni nyingi, akauke kwa hewa, avae nguo pana ya pamba. Poda achana nayo: ikichanganyika na jasho inazidi kuziba, na vumbi lake mtoto analivuta. Vipele vikitoa usaha, apelekwe kituoni.

Maji je? Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji, hata siku ya joto kali. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha, anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe. Ishara za upungufu wa maji ni nepi kavu kwa saa sita, utosi uliobonyea, kulia bila machozi, mdomo mkavu. Mtoto mkubwa mwenye kuharisha apewe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwenye maji salama kiasi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja. Ikikosekana: lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo usikadirie kwa vidole.

Upande wa pili ni mtoto aliyepoa. Makete, Njombe, Limuru au Nyandarua mwezi wa saba, mtoto mchanga mwenye tumbo baridi na anayenyonya kivivu apimwe mara moja. Chini ya 36.5 mwili umeanza kupoteza joto. Mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi na kofia tu, kisha blanketi moja iwafunike wote wawili. Kifua cha mama (au cha baba) hupasha kuliko blanketi tatu. Pima tena baada ya saa moja. Kama haijapanda, safari ya hospitali ianze na mtoto akiwa bado kifuani. Kuoga kwa mara ya kwanza kungoje saa 24 baada ya kuzaliwa.

Mtu mzima amelegea mchana wa joto

Anatoka jasho jingi, ngozi ina unyevu, kizunguzungu, mkakamao wa misuli, lakini anajibu vizuri ukimuuliza: amechoka na joto. Kivulini, alazwe, miguu iinuliwe, nguo zilegezwe, anywe maji au ORS kidogo kidogo. Ndani ya nusu saa anapaswa kuwa nafuu.

Akianza kuongea yasiyoeleweka, kuyumba, kutapika bila kukoma au kuzimia, na mwili umefika nyuzi 40, usijali kama anatoka jasho au hatoki. Hiki ni kiharusi cha joto na ubongo unaumia kila dakika. Mwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, weka vitambaa vya maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye kanga shingoni, makwapani na kwenye mapaja ya ndani, huku usafiri unatafutwa. Upozaji uendelee ndani ya gari. Usimnyweshe asiye na fahamu, atapaliwa. Parasetamoli haina kazi hapa.

Wazee huchelewa kusikia kiu, na anayetumia dawa za presha zinazokojoza hupoteza maji zaidi. Usimwachishe dawa, uliza kliniki namna ya kurekebisha msimu wa joto.

Wote tumeamka na kichwa kinauma, lakini hakuna mwenye homa

Sehemu hii isomwe na kila anayeishi nyanda za juu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu haina nguvu, watu wawili au zaidi wa chumba kimoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Kama jana usiku jiko la mkaa lilikuwa ndani, au jenereta iliwaka koridoni, chukulia ni sumu ya kaboni monoksaidi mpaka ithibitishwe vingine. Wengi huifananisha na malaria, wanameza dawa, na usiku unaofuata wanaliingiza jiko tena.

Gesi hii haina harufu, rangi wala moshi. Hapo ndipo imani ya kwamba mkaa ukishawaka wote mwekundu uko salama inapoua watu. Moshi umeisha, gesi haijaisha. Kaa jekundu linaitoa mpaka linapozima. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayelala halii wala haombi msaada, kwa sababu usingizi wenyewe unazidi kuwa mzito.

Ukiwakuta watu hawaamki: vuta pumzi nje, ingia umebana pumzi, fungua mlango na dirisha, mvute wa karibu utoke naye. Usikae ndani kumwamsha mtu, wala usianze na kulitoa jiko. Asiyehema apewe pumzi na mwenye kujua. Wote wapelekwe hospitali, pamoja na aliyejisikia nafuu, na mjamzito kwa namna ya pekee, kwani mtoto tumboni huumia kuliko mama. Hospitalini taja mkaa kabla ya lolote. Kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole kinaweza kuonyesha 98 au 99 wakati mtu amejaa sumu, kwa sababu hakitofautishi gesi hii na oksijeni. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua saa 4 hadi 5 kutoa nusu ya sumu. Kwa oksijeni tupu ya hospitali ni kama saa moja na nusu.

Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kama kinga, maana huwezi kujua upepo wa usiku utaelekea wapi. Pasha kitanda badala ya chumba. Chupa ya mpira ya maji ya moto ijazwe theluthi mbili, hewa itolewe, ifungwe kwa taulo, iwekwe kitandani nusu saa kabla ya kulala na iondolewe mtoto anapoingia. Weka blanketi moja chini ya mwili pia, kwani godoro jembamba hunyonya joto kwa chini. Ziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa, matundu ya juu ya ukuta yaachwe. Jiko lilale nje, si kwenye chumba cha kupikia kilichopakana na cha kulala.

Maji ya kuoga yamemuunguza mtoto

Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama 5, ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Beseni lianze na maji baridi, ya moto yafuate, na kiwiko chako kipime kabla ya mtoto kuingia. Lengo ni nyuzi 37 hadi 38. Akiungua, mwagia maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, asali na yai huhifadhi joto au uchafu na humpa daktari kazi ya kusugua kidonda. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, nenda kituoni.

Kiporo kimeleta matapishi

Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la chumba. Wali ndio mjanja zaidi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, kisha sufuria ikikaa usiku kucha huzaliana na kutengeneza sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Matapishi huanza ndani ya saa moja hadi sita. Wali wa nazi huchacha mapema na kukuonya kwa harufu. Mweupe unaweza kunukia vizuri na bado ukawa na sumu. Gawa kwenye bakuli pana, upoe haraka, uingie frijini.

Friji yenyewe iwe nyuzi 5 au chini. Weka kipimajoto cha friji ndani ya glasi ya maji, rafu ya kati, usome asubuhi. Ikisoma 9 au 10, bana karatasi kwenye mlango uivute. Ikitoka bila upinzani, raba imechoka. Kisha sogeza friji kama sentimita 10 kutoka ukutani na usafishe vumbi la nyuma. Umeme ukikatika usiifungue: friji iliyofungwa hushikilia kama saa 4, friza iliyojaa saa 48, iliyo nusu saa 24. Kama mmesafiri, acha frizani kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Mkikuta sarafu imezama, nyama iliyeyuka na kuganda upya.

Insulini, dawa ya kisukari, isiyofunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8, katikati ya friji, mbali na friza, kwani ikiganda hata mara moja imeharibika na hutupwa. Iliyofunguliwa, nyingi hustahimili nje ya friji kwa wiki nne chini ya nyuzi 30. Utafiti wa Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa 2021 na uliofuata joto lililopimwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, ulionyesha insulini kubaki na nguvu kwa wiki nne kati ya nyuzi 25 na 37. Kwa asiye na friji, chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, kivulini penye upepo, hupoza vizuri bara kwenye hewa kavu. Pwani hupunguza kidogo tu, hivyo chukua kichupa kimoja kimoja kutoka kliniki badala ya akiba ya miezi mitatu.